Shubiri na Samaki Wasiopewa Dawa

Waliompa jina la Shubiri hawakumwonea. Uso wake ulikaa kama wa mtu aliyelamba kitu kichungu, akatafuta pa kutemea, asipaone, akaamua kumeza. Kila asubuhi alipojitazama kwenye kipande cha kioo kilichochomekwa dirishani, alijisalimia mwenyewe: "Haya mama, tumeamka na sura yetu ile ile." Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akavaa mabuti yake ya mpira, akaenda kazini kulisha samaki. Samaki hawajali sura ya mtu. Wao hutazama mkono tu. Kwa hilo, alikuwa akisema, hawana tofauti na wanaume, ila samaki angalau hawatoi ahadi.

Shule aliiona kwa nje tu. Alikuwa kifungua mimba, na kwao kifungua mimba wa kike alikuwa kama amezaliwa huku mdogo wake tayari yuko mgongoni. Wadogo zake wakaenda shule, wakarudi wanajua kusoma. Yeye akabaki nyumbani, akajua kubeba. Basi alipotokea mwanamume aliyekuwa akitafuta mke wa kubeba, walipatana upesi kama chungu na kifuniko chake.

Mwanamume huyo alikuwa amerithi kipande cha ardhi bondeni, chepechepe mwaka mzima, ambako hakuna kilichokubali kuota ila magugu. "Mke wangu," alimwambia, "hapa tukichimba mabwawa tutafuga samaki, na watu watatuheshimu." Wakachimba. Yaani Shubiri akachimba, na mume akawa msimamizi. Alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akachungulia shimo, akasema, "Hapo bado kidogo." Shubiri akaongeza kidogo. Yakatoka mabwawa manne mazuri, yenye kingo zilizonyooka, na mgongo wa Shubiri ukatoka ukiwa umepinda upande.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wahenga hawakumjua mume wake. Samaki walipoanza kuuzika na heshima ilipofika kweli, yeye aliyechimba aliambiwa atoke, na aliyeingia ni msichana mwenye kucha ndefu ambazo hazijawahi kukutana na tope. "Ardhi ni ya marehemu baba yangu," mume alimwambia siku alipomwacha. "Wewe chukua vilivyo vyako." Mtoto hawakujaliwa, kwa hiyo Shubiri akachukua nguo zake, akachukua na jembe.

Jembe hilo lilikaa chini ya kitanda, katika chumba alichoishi na mdogo wake, mshonaji wa nguo. Kila mara mdogo mtu alipojikwaa nalo, aliguna. "Dada, wenzako wakiachwa huondoka na kabati, huondoka na godoro. Wewe umeondoka na jembe!"

"Ndilo lililokuwa linanijua."

Kazi katika kituo cha utafiti wa samaki aliipata kupitia Mlinzi wa getini, mzee wa maneno, aliyemwita shemeji kwa sababu, alidai, mwanamke asiye na mume ni shemeji wa dunia nzima. "Wanatafuta mtu asiyeogopa tope," Mlinzi alimwambia. "Nikakukumbuka wewe." Shubiri hakujua kama hiyo ni sifa au tusi, lakini alikuwa na njaa, na mwenye njaa hapimi maneno.

Aliyemkuta huko ni Daktari, binti mwembamba wa miwani isiyokaa puani, aliyesema "asante" hata kwa ndoo. Yeye alimwita Shubiri "mama", na Shubiri, ambaye hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote, alijifanya hasikii ili aitwe tena.

Mwaka ule ulikuwa wa ugonjwa. Samaki wa kufugwa walikuwa wakigeuka weusi, macho yakivimba na kuingia ukungu, wakizunguka juu ya maji kama walevi wanaotafuta mlango, kisha wakielea matumbo juu. Bwawa lililoamka lina samaki elfu lililala na mia.

"Ni kirusi," Daktari alimweleza. "Hizi dawa za kuua bakteria zinazouzwa madukani hazikiwezi. Ndiyo maana tunatafuta kwenye mimea."

"Mmea gani?"

"Huo unaouegemea."

Shubiri akageuka. Ulikuwa mpera. Akaucheka, kisha akauomba radhi.

Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kuchuma majani ya mpera, kuyaanika kivulini, kuyatwanga hadi yawe unga, na kumpelekea Daktari. Daktari aliuloweka unga huo kwenye spiriti, akauchuja, akaukausha polepole mpaka ukabaki utomvu mzito wa kijani kibichi, na katika utomvu huo akatoa kitu alichokihifadhi kwenye vichupa vidogo vyeusi. Kitu hicho ndicho kilichonyunyizwa kwenye punje za chakula cha samaki. Shubiri, ambaye sehemu yake yote katika sayansi ilikuwa mchi na kinu, alianza kutembea kifua mbele. Majirani walipolalamika juu ya jambo lolote, hata bati linalovuja, aliwajibu, "Sisi watafiti tunaliangalia."

"Mtafiti," mdogo wake alimwambia, "hebu tafiti sabuni imekwenda wapi."

Siku ya jaribio ikafika. Bandani kulikuwa na matangi sita. Matatu yalifungwa utepe mwekundu na matatu utepe mweupe, na palikuwa na ndoo mbili za chakula, moja yenye kifuniko chekundu, nyingine cheupe. Ndoo moja ilikuwa na dawa, nyingine haikuwa nayo. Kila tangi liliwekewa samaki wagonjwa wachache ili wawaambukize wenzao.

"Sitakwambia ipi ina dawa, mama," Daktari alisema. "Si kwamba sikuamini. Mtu akijua, mkono wake hupendelea bila mwenyewe kutaka."

"Mkono wangu mimi? Mkono huu haujawahi kupendelewa, mwanangu. Kupendelea utajifunzia wapi?"

Daktari alicheka, akaenda zake. Kabla mlango haujatulia, Shubiri alikuwa ameshatia punje moja ya ndoo nyekundu mdomoni. Ikamkausha ulimi kama jani bichi la mpera. Akaonja na ya ndoo nyeupe. Ile ilikuwa na ladha ya vumbi na dagaa. Akatema, akafuta mdomo, na siri ya kituo kizima ikawa imekwisha. Alijipongeza. Aliamini, maskini, kwamba mtu anayejua jambo yuko mbele ya mtu asiyelijua.

Siku za mwanzo alifuata alivyoambiwa. Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Lakini kirusi kilipoanza kazi, ndipo masaibu yalipoanza. Katika matangi mekundu samaki walikuwa wakicheza, magamba yakimetameta, mapezi yamesimama. Katika meupe wenzao waliinamia kona, rangi zimewafifia. Kulikuwa na jike mmoja mzee katika tangi jeupe la mwisho, mpana, mwenye pezi lililochanika, aliyekaa peke yake karibu na bomba la hewa na kumtazama Shubiri kila alipopita. Shubiri akampa jina: Bi Mkubwa.

"Usinitazame hivyo," alimwambia akimwaga chakula. "Si mimi niliyepanga."

Bi Mkubwa akafungua mdomo, akaufunga.

"Najua. Najua, dada yangu. Mwenzako kule anapewa kila kitu, na wewe kazi yako ni kufa ili ionekane yeye anaishi. Mimi huhitaji kunieleza."

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Shubiri alienda mbele zaidi, kwa akili ile ile iliyomfanya amchimbie mabwawa mke mwenzake. Alipiga hesabu. Daktari anataka samaki wapone. Matangi matatu yakipona, atafurahi. Je, yakipona yote sita? Si atafurahi mara mbili? Hesabu hiyo haikupungukiwa na kitu chochote, ila ukweli. Akafungua ndoo zote mbili, akamimina nusu ya hii katika ile na nusu ya ile katika hii, akakoroga kwa mkono wake usiojua kupendelea. Akafanya hivyo kila siku, kila Daktari alipoleta chakula kipya. Nyumba moja, mgawo mmoja. Na alipokuwa akiwalisha alijisikia vizuri moyoni, jambo ambalo kwa umri wake lingepaswa kumshtua.

Ugonjwa ulipopita, Daktari alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya banda, miwani mkononi. Samaki walikuwa wamekufa kote na wamepona kote. Tangi jekundu na tangi jeupe yalifanana kama mapacha. Bi Mkubwa alikuwa hai, amekaa penye bomba lake la hewa.

"Hakuna tofauti, mama," Daktari alisema.

Shubiri, aliyekuwa akipiga deki, aliona ni wakati mzuri wa kusema jambo la busara. "Si ndiyo vizuri? Hakuna aliyeonewa."

"Hapana, mama. Maana yake majani hayafanyi kitu." Akaigeuza miwani mkononi. "Inaniuma kusema, lakini wale wasiopewa dawa walitakiwa wafe wengi kuliko wenzao. Hapo ndipo mtu angeiamini dawa. Sasa mkuu wa kituo amesema tusipoteze muda. Mwisho wa mwezi tunafunga, vichupa vinatupwa."

Deki likasimama. Shubiri alilitazama kama ndilo lililosema. Alihisi kitu kikishuka kutoka kichwani kwenda miguuni, na kitu hicho kilikuwa ni kuelewa. Kilichelewa miaka yote. Kingeshindwa nini kuchelewa na siku hiyo?

Alitaka kusema pale pale. Akasema, "Pole, mwanangu," akaendelea kupiga deki mahali ambapo palikuwa pakavu.

Jioni, mdogo wake akiwa kwenye cherehani, alimweleza yote. Mdogo mtu alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Subiri nielewe, dada. Maisha yako yote umewanunia watu waliopewa. Siku moja tu katika maisha yako ukaamua kugawa, na ulichogawa ni cha kituo?"

"Niliwahurumia."

"Wewe?"

"Usinicheke."

"Sicheki. Naogopa." Akakata uzi kwa meno. "Ukisema, utafukuzwa kazi. Usiposema, dawa inatupwa. Na nimesikia ugonjwa umeshafika bondeni. Yale mabwawa yako yameanza."

"Si yangu."

"Haya. Yale mabwawa yasiyo yako yaliyokupa kibiongo yameanza kufa."

Shubiri alikijua kila kiwiko cha mabwawa yale, wapi udongo ni mfinyanzi na wapi kuna jiwe alilolizunguka kwa sababu halikung'oka. Alikuwa ameyaombea mabaya kwa miaka, kwa bidii kuliko watu wengine wanavyowaombea watoto wao mema. Sasa alichokuwa akitakiwa kufanya ili dua yake itimie ni kunyamaza tu. Akashangaa kugundua kwamba haikuwa tamu. Hata kisasi, alijiambia, nikikipata nakikuta kimeshapoa.

Alijiapia atasema kesho. Kesho Daktari alikuwa na kikao. Kesho yake Daktari alikuwa na mafua. Siku iliyofuata hakukuwa na kisingizio, kwa hiyo Shubiri akaumwa yeye tumbo.

Siku aliyorudi kazini, akiwa amebeba ndoo ya maji machafu kwenda kuyamwaga, aliona mtu getini. Alikuwa ni yule mume wake wa zamani, amebeba beseni lililofunikwa khanga, na Mlinzi alikuwa akimfundisha kukanyaga kwenye trei ya dawa ya kusafisha miguu kabla ya kupita.

"Miguu yote miwili, bwana. Ugonjwa hauchagui mguu."

"Mimi si mgonjwa. Samaki ndio wagonjwa."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Daktari alitoka kwa kusikia kelele. Mwanamume akafunua beseni. Samaki walikuwa weusi, macho yamevimba. "Wanaisha, daktari. Kila asubuhi nazoa hivi. Nimesikia mna dawa ya majani."

"Tulidhani tunayo," Daktari alisema kwa upole. "Tumeijaribu, bwana. Haikufanya kazi. Pole sana."

Hapo ndipo macho ya mwanamume yalipomwona Shubiri, amesimama nyuma ya Daktari na ndoo ya maji machafu, akitamani ndoo iwe kubwa ili aingie. Uso wa mwanamume ukabadilika.

"Huyu anafanya kazi humu? Basi msihangaike kutafuta. Huyu ndiye aliyeiharibu dawa yenu! Alijua itakuja kuniokoa mimi. Mwanamke huyu bado ananililia, daktari. Ana kinyongo cha kuua bahari."

"Bwana, tafadhali," Daktari akasema, na sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa ya kuomba, ikasimama wima. "Mama huyu ni mwaminifu kuliko mtu yeyote katika kituo hiki. Sitaki asemwe vibaya mbele yangu."

"Kwani samaki wa bandani walikuwa na jina lako mgongoni?" Mlinzi akachagiza. "Unajipa ukubwa, bwana."

Mambo yalikuwa yamekwisha. Shubiri alikuwa ametetewa na msomi mbele ya adui yake, kitu alichokiota miaka yote akiwa macho. Alichobakiza ni kufumba mdomo. Lakini mdomo wake ulikuwa haujawahi kumsikiliza, na neno moja lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba: ananililia.

"Nikulilie wewe?" alifoka, na ndoo ikaanguka, maji yakawarukia wote miguuni. "Nikulilie wewe, mwanamume wa kusimama ukingoni? Ndiyo, niliharibu! Nilichanganya chakula chenye dawa na kisicho na dawa, kwa mkono wangu huu! Lakini si kwa ajili yako, jua hivyo! Nilimfanyia Bi Mkubwa! Wewe hata hukuniingia akilini!"

Hilo la mwisho lilikuwa uongo, lakini lilitoka vizuri.

Pampu za hewa zilisikika kutoka bandani.

"Bi Mkubwa ni nani?" Daktari aliuliza.

"Ni samaki," Shubiri akasema, na kwa mara ya kwanza akausikia ujinga wake wote kwa ukubwa wake halisi.

Mlinzi alitikisa kichwa. "Shemeji, ungeanza basi hata na salamu."

"Si nilisema?" mwanamume akapaza sauti. "Si nilisema ni yeye?" Na hilo ndilo lililomuuma Shubiri kuliko yote. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, mtu yule alikuwa amesema kweli, na hata hapo alikuwa amekosea sababu.

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, akaivaa, akaivua tena. "Ulijuaje ndoo yenye dawa?"

"Nilionja."

"Ulikula chakula cha samaki."

"Punje moja moja."

"Ukachanganya kila siku?"

"Siku za mwanzo sikuchanganya. Baadaye kila siku. Nusu kwa nusu, mwanangu. Sikumpunja mtu."

Daktari alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. "Kwa hiyo wote walipata nusu dozi. Kwa hiyo dawa hatujaijaribu bado." Kisha hasira ikamfikia, taratibu, kama maji yanayopanda bwawani. "Watu walinionya juu yako, unajua? Waliniambia yule mama ni mchungu, hana moyo. Nikasema, vizuri, huyo ndiye ninayemtaka penye matangi. Ungekuwa na roho mbaya wanayokusingizia, mama, sasa hivi tungekuwa na dawa!"

Shubiri alikuwa ametukanwa mara nyingi kwa ubaya wake, na majibu ya matusi hayo alikuwa nayo tele. Kutukanwa kwa wema wake lilikuwa jambo jipya.

Mkuu wa kituo alitaka aondoke siku hiyo hiyo. Daktari, akiwa bado hamsemeshi, alisema hakuna mwingine atakayetwanga majani mengi hivyo, na majani yangehitajika tena. Basi Shubiri akaachwa, lakini bandani akapigwa marufuku. Kazi yake ikawa kinu, kuosha ndoo, na kuzika mizoga. Na mizoga ya kwanza ilikuwa ni samaki wote wa jaribio lile, kwa sababu samaki aliyewahi kuugua huubeba ugonjwa na hawezi kuachiwa. Walilazwa kwa dawa ya usingizi, wasizinduke tena. Bi Mkubwa alikuja katika ndoo ya mwisho, na pezi lake lililochanika. Shubiri alikuwa amemwokoa na kirusi ili aje amfukie na chokaa.

"Nisamehe," alimwambia. "Ila hata wewe ulinitazama mno."

Jaribio likarudiwa. Mlishaji safari hii alikuwa Mlinzi, aliyekuwa akivuta ugoro na hakuwa amenusa wala kuhisi ladha ya kitu tangu ujana wake. "Tofauti yangu na wewe, shemeji," alimwambia akipita na ndoo, "mimi sina huruma, nina zamu." Shubiri alikaa nje na mchi wake. Kila asubuhi alipokea mizoga mlangoni, na kila ndoo ilikuja na utepe wa tangi ilikotoka. Nyeupe. Nyeupe. Nyekundu, wawili. Nyeupe, ndoo imejaa. Aliibeba hadi shimoni huku machozi yakimtoka na moyo ukimrukaruka, akajiona kama kichaa, maana kila mzigo wa maiti wenye utepe mweupe ulikuwa ni habari njema.

"Si muujiza," Daktari alisema hatimaye, akimsemesha kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Haiwaponyi wote. Lakini inapunguza vifo, na sasa tunaweza kusema hivyo bila aibu. Inabidi tuijaribu kwenye mabwawa ya kweli. Mabwawa manne yaliyo pamoja, mawili yapewe dawa, mawili yasipewe kwanza." Akasogeza miwani. "Ya karibu ni yale ya bondeni, mama."

"Mwenyewe atachanganya," Shubiri akasema bila kufikiri. "Akiona mawili yanakufa atachanganya. Kwa huruma hapana, kwa uchoyo."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nahitaji mtu wa kuilinda ndoo, na anayejua inavyoharibiwa."

Kwa hiyo Shubiri alirudi bondeni, jembe begani kwa mazoea, na njia nzima alikuwa akifanya mazoezi. Angesimama ukingoni, mikono kiunoni. Yule mwanamume angebeba chakula, na yeye angemtazama akimwaga, kisha angesema, "Hapo bado kidogo." Alilirudia neno hilo mpaka likawa tamu.

Alipofika alisimama kweli ukingoni, mikono kiunoni. Lakini mwanamume naye alikuwa amesimama ukingo wa pili, mikono kiunoni, na aliyekuwa ndani ya tope hadi magotini, akiziba mahali ukingo ulipobomoka, ni yule msichana. Kucha zilikwisha zamani. Alishika jembe kama anayeogopa litamng'ata.

"Hapo bado kidogo," mwanamume alimwambia.

Shubiri alilisikia neno lake alilolibeba njia nzima likitoka mdomoni mwa mwenyewe. Akamwangalia msichana, akasubiri raha imfikie. Ilikuja kidogo, ikaona mazingira, ikarudi. "Shika chini zaidi," alijikuta akisema. "Ukishika hivyo mgongo utaisha kabla ya kazi." Na kabla jua halijasimama kichwani, mlinzi wa ndoo, mjumbe wa kituo cha utafiti, alikuwa ndani ya tope na jembe lake, akinyoosha ukingo alioujenga mwenyewe, akijitukana kwa kila pigo.

Siku zikapita. Mabwawa mawili ya juu yalianza kuchangamka. Yale mawili ya chini yaliendelea kutoa mizoga, na moja kati yao ni lile la kwanza kabisa alilolichimba, lenye jiwe lisilong'oka. Mwanamume alijaribu kuiba dawa, akafukuzwa kwa mpini. Kisha msichana akaja, peke yake, macho mekundu, akasimama karibu na ndoo.

"Dada," alisema polepole. "Wale wa bwawa la chini wananitazama. Hatuwezi kuwawekea kidogo tu? Kiganja kimoja. Nani atajua?"

Shubiri akalitazama bwawa lake la kwanza. Samaki mmoja alikuwa juu ya maji, akizunguka, akizunguka, akitafuta mlango. Mkono wa Shubiri ukaanza kusogea kwenye kifuniko, mkono ule ule, bila ruhusa yake.

"Daktari amesema hawa wa juu wakithibitika, na wa chini watapewa," alisema kwa ukali, na hakujua anamwambia nani.

"Na watakaokufa kabla ya hapo?"

"Watakufa."

"Una roho ngumu, dada."

"Mungu akusikie," Shubiri akajibu. Akapandisha nguo yake, akaikalia ndoo kwa uzito wake wote, akafunga mikono kifuani na kulipa bwawa mgongo. Kifuniko kilimwumiza makalio. Hakuinuka. Alikuwa akiilinda dawa ile na watu watatu, na wa tatu, aliyekuwa hatari kuliko wote, ndiye aliyekuwa ameikalia.